Crown Vic ya polisi skeli 1/24: kila kitu nimeweka lakini bado inaonekana toi, nakosea wapi?

MzeeWaKandambili (Mwanza)

Wadau habari za jumapili. Mimi ni wale tuliokua na magari ya waya, matairi ya kandambili zilizokatika, unasukuma na mti mrefu na ukitumwa dukani chumvi unafurahi maana umepata tripu. Sasa nina miaka 38 na ule ugonjwa haujapona, umehama tu kutoka kwenye waya ukaja kwenye haya magari madogo ya kuweka kabatini.

Mdogo wangu anaishi Sacramento, alipokuja likizo akaniletea Ford Crown Victoria ya chuma, skeli 1/24 (yaani halisi imepunguzwa mara 24), nyeupe tupu haina stika haina kimulimuli, zile zinazouzwa makusudi kwa watu kama sisi tujimalizie wenyewe. Nikaamua iwe ya California Highway Patrol (CHP), wale polisi wa barabara kuu, kwa sababu dogo anasema ndio gari la kwanza la polisi kumsimamisha kule. Mpaka leo akihadithia anashika kifua, anasema kwenye kioo cha nyuma aliona jicho jekundu limemkazia tu halipepesi, na taa nyingine zinacheza pembeni yake.

Basi nikaifumua gari yote, nikapiga nyeusi ya kopo sehemu za nyeusi, nikabakiza nyeupe sehemu za nyeupe. Ile nyota ya mlangoni nikaprinti steshenari kwenye karatasi ya stika inayong'aa. Kimulimuli nilikitoa kwenye gari lingine la 1/18 lililovunjika, kiko kizuri sana kwa kweli, nikatoboa paa tundu mbili nikapitisha waya, ndani nimeweka LED za bluu na nyekundu zinawaka kwa zamu. Antena nimechonga kijiti cha meno. Rim nimezipiga silva ile ya kioo kabisa. Nikamalizia na tope kidogo chini ili lionekane limetumika.

Miezi minne hiyo wakuu. Nikaiweka mezani, mama watoto akapita akauliza, hii ya mtoto wa nani?

Picha sita hizo hapo. Msinionee huruma, semeni tu, maana nahisi kila kitu kipo ila gari lenyewe halipo.

Rula_na_Msasa (Morogoro)

Mkuu mkono unao, masking yako (ile kuziba na tepu) pale kwenye mlango wa mbele imenyooka kuliko wengi humu ndani. Kinachokuangusha ni hesabu.

Fanya hivi, chukua rula pima kitu chochote ulichobandika kwenye hilo gari halafu zidisha mara 24. Jibu likikuchekesha, kitoe. Tuanze na kimulimuli chako kizuri, kama kimetoka kwenye 1/18 na kilikuwa sahihi kule basi kitakuwa na kama milimita 68. Mara 24 ni mita 1.63. Vimulimuli vya juu ya yale magari vingi vilikuwa kama mita 1.2, yaani kwenye gari lako milimita 51. Umelibebesha gari kitanda. Twende kijiti cha meno, unene milimita 2, mara 24 ni milimita 48, hilo ni bomba la maji la inchi mbili limesimama juu ya buti. Stika ya karatasi hata ukisema ni nyembamba, sehemu moja ya kumi ya milimita, mara 24 ni milimita 2.4, sasa wewe ushaona gari la polisi limebandikwa kadibodi mlangoni? Jicho halijui hesabu lakini linajua kuna kitu hakiko sawa, ndio maana shemeji kaona kwa sekunde moja kitu ambacho wewe umekaa nacho miezi minne hukukiona.

Na kabla hujaendelea lipime na gari lenyewe. Crown Victoria halisi ina urefu wa mita 5.38 na kitu, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma mita 2.91. Kwa 1/24 unatakiwa upate milimita 224 na 121. Ukipata 215 basi ulichonacho ni 1/25 na hesabu zote zinabadilika, usiamini boksi.

Jambo la pili ambalo watu wengi wanalipuuza ni MWAKA. Ile bodi ya Crown Vic ilikaa kuanzia toleo la 1998 mpaka la mwisho kabisa lilipotoka kiwandani St. Thomas, Ontario, Septemba 2011, kwahiyo mtu anadhani zote ni moja. Sio moja. Toleo la 2003 walibadilisha chasisi, na rim zikabadilika sura, za zamani zimeingia ndani kama bakuli na za baadae uso wake uko bapa umetoka nje. Sasa picha yako ya tatu naona rim za bakuli kwenye gari ambalo kila kitu kingine ni cha baadae. Na silva ya kioo sahau kabisa, gari la polisi lilikuja na rim za chuma za kawaida na kifuniko kidogo katikati, hazing'ai hivyo.

Mimi nina sheria moja tu kwenye meza yangu, sitengenezi "gari la polisi", natengeneza gari lile, la picha ile, siku ile. Nachagua picha moja naigandisha ukutani, kama kitu hakipo kwenye picha hakiendi kwenye gari hata kiwe kizuri namna gani.

Kibuyu_Cha_Rangi (Dsm)

Hiyo ya mama watoto imenimaliza 😂😂 mimi wa kwangu aliweka ua la plastiki juu ya Impala yangu akidhani ni pambo la stendi ya TV

DadaChapa (Dsm, Kinondoni)

Kaka pole na hongera. Mimi nina kabanda ka kuprinti na hii kazi ya vidude vidogo naifanya wikendi, nikuambie ya stika.

Acha stika, tumia dekali ya maji. Ni karatasi maalum, unaagiza mtandaoni, ina utando mwembamba juu, unaprinti, unakata, unaloweka kwenye maji kidogo halafu ule utando unateleza wenyewe unaukalisha mlangoni. Kuna aina mbili, ya mashine ya wino na ya leza, ukichanganya umeharibu karatasi na pengine na mashine ya watu. Kama ni ya wino lazima ukishaprinti uipulizie klia (vanishi isiyo na rangi) mara mbili tatu nyepesi nyepesi na uache ikauke vizuri ndio uiguse na maji, vinginevyo utaona nyota yako inayeyuka inakuwa kama wanja wa bibi harusi aliyelia. Mteja wangu mmoja nilimwambia asubiri akasema ana haraka, alirudi kesho yake ameshika bakuli la maji ya zambarau.

Sasa cha muhimu ambacho watu hawakijui mpaka wameumia. Printa hizi zetu HAZINA wino mweupe. Zinategemea weupe wa karatasi. Kwahiyo kitu cha rangi ukiprinti kwenye utando unaopitisha mwanga ukakiweka kwenye nyeusi, kinapotea. Wewe una bahati, nyota yako inakaa kwenye mlango mweupe, kwahiyo chukua utando unaopitisha mwanga na weupe wa mlango utafanya kazi ya wino mweupe. Shida inakuja kwenye maandishi meupe juu ya rangi ya giza, pale inabidi uchukue karatasi nyeupe uprinti ile rangi ya giza kuzunguka herufi na kuomba Mungu zifanane na rangi ya gari, na hazifananagi.

Na ile nyota ina ncha SABA kaka. Wewe umeweka tano, nimehesabu mara mbili. Nadhani ulichukua ya sherifu wa kwenye katuni.

Ukishaibandika pitisha maji ya kulainisha dekali kwa brashi, itanywea mpaka kwenye mifereji ya mlango, halafu klia nyepesi gari lote ili ukingo wa utando upotee. Usiivute ikishajikunja kwa yale maji, iache ijinyooshe yenyewe, nimesema IACHE.

Mawimbi254 (Nakuru)

Niaje wasee. Mi ni fundi wa redio, magari najua kidogo tu, but hiyo antena imenikera hata kuliko hiyo nyota.

Rula amesema ni nene, mi nasema pia ni fupi. Hao jamaa wa CHP miaka yote hiyo redio zao zilikuwa za masafa ya chini, kama megahezi 39 hadi 46, polisi wengi wa mijini walikuwa wameshahamia juu zamani lakini hawa wana barabara ndefu na milima wakabaki huko chini. Masafa yakiwa chini antena inakuwa ndefu. Chukua megahezi 42, antena inakuwa robo ya wimbi, karibu mita 1.78, gawa kwa 24 unapata milimita 74. Antena ya polisi wa mji anayetumia megahezi 155 ingekuwa kama nusu mita tu, yaani milimita 20. So ukiona Crown Vic ina huo mjeledi mrefu nyuma unajua ni ya nani kabla hata usome mlango. Angalia picha yako vizuri, si kila gari ilikuwa na ileile, lakini kama ni mjeledi tumia waya wa gitaa ule mwembamba kabisa wa juu, uko kama robo milimita. Uko sawa, na ukigongwa na mtoto unarudi wenyewe.

Sasa taa. Boss, hapa ndio nilicheka peke yangu kwa duka. Unasema brathe yako aliona jicho jekundu halipepesi, halafu wewe umeweka zote zinapepesa! Hiyo jicho si kitu alijiwazia kwa uoga. Sheria ya California inataka gari la dharura liwe na angalau taa moja nyekundu mbele inayowaka bila kupepesa. Hizo zingine zicheze vile zinataka, lakini hiyo moja inakaa hivyo tu inakuangalia. Ndio kitu imefanya akumbuke. Umekuwa na jibu kwa hadithi yako mwenyewe.

Kuifanya ni rahisi, hiyo nyekundu moja ipeleke moja kwa moja kwa betri ya volti 9 na rezista ya kilo-om 1, isipite kwa saketi ya kupepesa. Hizo zingine tumia IC ya 555 (kichipu cha kupepesa), rezista ya kilo-om 10 na ya kilo-om 33 na kapasita ya mikrofaradi 10, utapata kama mipepeso miwili kwa sekunde, moja unaifunga upande wa chanya ingine upande wa hasi zinapokezana, kila LED na rezista yake ya om 680. Usiziwashe sana, gari ndogo haihitaji kumulika sitting room. Kama kimulimuli ni cha zamani cha kuzunguka basi mwanga unapanda na kushuka polepole haukatiki ghafla, hiyo sasa 555 pekee haiwezi, utahitaji kitu cha kuprogramu.

Na swali moja, huyo brathe alisema juu ya paa kulikuwa na kitu? Nauliza kwa sababu kulikuwa na CHP nyingi paa tupu kabisa, taa zote ziko ndani ya kioo na kwa ile taa ya tochi pale kwa nguzo upande wa dereva.

Difenda_la_Zamani (Dodoma)

Nyie endeleeni na Kalifonia yenu, mimi nangoja siku mtu ataleta humu Difenda ya kwetu, namba PT, benchi mbili nyuma, turubai limepauka. Hilo ndilo gari la polisi ninalolijua, lilipita mtaani hata asiye na kosa anakunja kona.

Rula_na_Msasa

@Difenda_la_Zamani leta picha zake za pembe nne tulianze leo. Tatizo ndio hilo, Mmarekani anakuta gari la polisi kwenye maonyesho anapiga picha mpaka chini ya siti. Wewe nenda kituoni na simu na rula uanze kupima bampa uone utakavyojieleza. Mimi niliwahi kusimama tu nikaangalia bawaba za mlango wa nyuma, nikaulizwa na afande nimepoteza nini.

Ila kwa kulijenga ni rahisi kuliko Crown Vic maana lote ni bapa, unakata ile shiti ya plastiki ya mafundi wa mabango. Jina lake ni Land Rover Defender 110, na hiyo 110 ni inchi kati ya ekseli mbili, mita 2.79, kwa 1/24 ni milimita 116. Anzia hapo.

MvuaZaTanga

Nimesoma yote hakuna aliyegusa rangi, na kwa mimi rangi ndio imeua hilo gari.

Angalia picha ya tano, ule weusi una ukungu wa kijivu hasa juu ya boneti. Ulipuliza siku ya mvua au jioni. Sisi wa mwambao tunaujua huo ugonjwa, rangi za magari zenye thina kali zikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi zinashika maji zikiwa zinakauka na zinapauka. Mwanza ziwa liko mlangoni, usijidanganye. Puliza saa tano asubuhi jua likiwa limepanda, kopo liloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu (uvuguvugu, sio ya moto, kopo si yai), tabaka nyembamba tatu badala ya moja nzito. Weusi wako umejaa mpaka mifereji ya milango imezibika, na mfereji ukishaziba mlango unakuwa mchoro.

Nashauri uvue yote. Toa kila kitu cha plastiki na vioo KWANZA halafu chuma kipeleke kwenye dawa ya kutolea rangi. Nasisitiza hilo la kutoa kwanza kwa sababu kuna mtu, simtaji, anaishi Tanga na anaandika ujumbe huu, alitumbukiza bodi nzima kwenye asetoni na vioo vyake, akatoa chuma kisafi sana na kitu kama uji wa vioo.

Halafu praima (rangi ya msingi), msasa wa 1000 wa maji, nyeupe kwanza gari lote, iache siku mbili, ziba na masking tepu. Ukishaziba puliza tena nyeupe kidogo juu ya ukingo wa tepu, hiyo nyeupe ndio itaingia kwenye vinyufa badala ya nyeusi, ndipo upige nyeusi. Ukibandua utapata mstari kama umekatwa na wembe. Mifereji ya milango ipitishe rangi iliyoyeyushwa sana, kwenye nyeupe tumia kijivu, usitumie nyeusi, nyeusi kwenye mlango mweupe inaonekana kama umechora na kalamu. Matairi vilevile, usiache weusi wa plastiki unaong'aa, paka kijivu cha giza kisichong'aa.

Na hilo tope lifute mkuu.

Kibuyu_Cha_Rangi

Tope namtetea mimi. Gari safi kabisa linaonekana limetoka boksini, lazima liwe na maisha

MvuaZaTanga

Maisha sawa, ila maisha ya wapi? Hilo gari linashinda kwenye lami linaoshwa. Uchafu wake ni ule unga wa breki wa kahawia kwenye rim za mbele, vumbi jepesi nyuma ya matairi, moshi kidogo mdomoni mwa ekzosi. Yeye kaweka tope jekundu la Sengerema kwenye polisi wa barabara kuu ya Kalifonia. Hilo tope lipeleke kwa Difenda.

Difenda_la_Zamani

Tulipokee kwa mikono miwili

MzeeWaKandambili

Wakuu nimesoma usiku kucha, mengine yameniuma lakini asanteni. DadaChapa nyota nimeihesabu, ni tano kweli, sijui nilikuwa naangalia nini miezi yote hiyo.

Nimepima. Gari ni milimita 224 kwahiyo angalau lenyewe halijanidanganya. Kimulimuli ni 69, Rula ulikosea milimita moja tu bila kukiona.

Sasa lililonifanya nirudi. Nikampigia dogo, kule kwao ilikuwa asubuhi anaelekea kazini, nikamuuliza lile swali la Mawimbi, juu ya paa kulikuwa na nini? Akanyamaza, halafu akasema, hakukuwa na kitu. Anasema ndio maana hakujua kama ni polisi, alikuwa analiona nyuma yake muda mrefu akijua ni gari la kawaida jeusi, mpaka lile jicho jekundu likawaka pale ubavuni mwa kioo upande wa dereva. Na antena? Akasema anakumbuka kitu kirefu kinachezacheza nyuma lilipompita. Mwaka anasema ni 2009 lakini gari hajui la lini, ila ametafuta picha ya linalofanana na lile akanitumia, rim zake uso uko bapa kama Rula alivyosema. Nimeigandisha ukutani.

Kwahiyo kimulimuli nimekitoa. Saketi ya 555 nimenunua vifaa vyake jana hapa mjini, rezista zilikuwepo zote, kapasita nimepewa ya 22 ya 10 zimeisha, sijui itakuwaje. Ile nyekundu nimeijaribu peke yake mezani nikazima taa ya sebuleni, nikaiangalia kupitia kioo cha kunyolea. Wallahi nilihisi nitafute leseni.

Ila sasa kuna ile kazi yangu ya mwanzo, paa lina tundu mbili nilizotoboa kupitisha waya, kila moja kama milimita 4, na gari linatakiwa liwe na paa tupu. Naziba na nini? Supaglu na beking soda niliona mahali lakini nahisi itapasuka nikianza msasa.

Mawimbi254

Kapasita ya 22 itapepesa polepole, chini ya mara moja kwa sekunde, itakaa kama gari inasinzia. Badilisha ile rezista ya 33 uweke ya kilo-om 10 utapata karibu mbili tena, tofauti hutaiona.

MvuaZaTanga

Supaglu na beking soda inafaa kwenye plastiki, kwa paa lako la chuma sikushauri. Nenda kwa fundi bodi yeyote mtaani kwako muombe puti na hadina yake (dawa ya kuikausha) kidogo, kiasi cha kifuniko cha soda kinakutosha na hatakudai. Ndani ya paa bandika kipande cha plastiki kama kitako, kwaruza ukingo wa tundu na msasa ili ishike, jaza mpaka ipite juu kidogo maana itanywea. Kesho yake msasa 400 na maji, halafu 800, uufungie kwenye kipande cha mbao usitumie kidole, kidole kinachimba. Praima ikishapita pitisha mkono umefumba macho, kidole kikisimama mahali rudi tena na puti.

MzeeWaKandambili

Fundi bodi yuko nyumba ya tatu. Kaniuliza gari liko wapi, nikatoa mfukoni.